Nataka kuanza kufuga vyura wa mishale ya sumu: chura kwanza au nzi kwanza?

#1 Mpwani_Bremen
Wakuu, habari za humu. Niko Bremen, Ujerumani, mwaka wa sita sasa. Mwaka jana tulikwenda bustani ya wanyama na familia, nikakutana na hawa vyura wadogo wa Amerika ya Kusini wanaoitwa vyura wa mishale ya sumu. Nilisimama pale kwenye kioo mpaka mke wangu akaenda kunywa chai akarudi. Chura mwenyewe urefu wa kidole gumba, mweusi mwenye mikanda ya njano, anatembea mchana kweupe kama mwenye nyumba.

Tanki la kioo ninalo tayari, sentimita 60 kwa 45 kwa 45. Nataka wanne wa aina ya leucomelas. Kinachonisumbua kwanza ni hiyo sumu, maana nina mtoto wa miaka mitatu. Muuzaji anasema chura aliyezaliwa tankini hana sumu hata chembe. Mbona nyoka akizaliwa kwenye boksi anabaki na sumu yake? Halafu kuna jamaa kaniambia ninunue nzi miezi miwili kabla ya chura. Sijamwelewa. Natanguliza shukrani.

#2 Sisimizi_Mweusi
Mkuu achana nao, una mtoto mdogo. Hao ukiwagusa tu umekwenda. Wenyeji wa Brazil wanapaka kwenye mishale ya upinde wanaangusha chui.

#3 Babu_wa_Minnesota
Sisimizi, ngoja tunyooshe hapo. Familia hii ina aina nyingi mno, lakini zinazojulikana kutumika kwenye vishale ni chache, za jenasi ya Phyllobates, na ni Kolombia, upande wa bahari ya Pasifiki. Waemberá wa huko walikuwa wakipitisha ncha ya kishale mgongoni mwa chura, kisha wanamwachia aende zake. Kishale kilipulizwa kwa mrija mrefu, upinde haukuwemo. Yule wa njano, Phyllobates terribilis, alielezwa kisayansi mwaka 1978, na yule wa msituni kweli si wa kushika.

Anayemtaka Mpwani ni leucomelas wa Venezuela na nchi jirani, ambaye hata huko kwao sumu yake haifiki mbali hivyo. Akizaliwa tankini na kulelewa kwa nzi wa matunda, ngozi yake haina kitu. Habari hii haikutungwa na wauzaji. Mwaka 1932 vyura wa kijani na weusi, Dendrobates auratus, walichukuliwa Panama wakapelekwa kisiwa cha Oahu, Hawaii, wakale mbu. Miaka mingi baadaye wanasayansi wakapima. Wa porini Hawaii walikuwa na sumu, ila haikulingana na ya ndugu zao wa Panama. Watoto wao waliolelewa ndani kwa nzi wa matunda hawakuwa nayo kabisa. Damu moja, chakula tofauti.

Mimi nafuga tangu 2009. Kunawa mikono ni lazima, kabla na baada. Kabla ni kwa ajili ya chura mwenyewe: mafuta uliyojipaka mikononi yanaingia kwenye ngozi yake moja kwa moja.

#4 Bi_Mkungu
Babu kasema kweli. Nafundisha baiolojia Tanga, na wanafunzi huwa nawapa mfano wa heroe. Wekundu wa heroe wa Ziwa Natron unatoka kwenye chakula. Mfungie umlishe pumba, ule wekundu unafifia. Chura huyu naye sumu anaiokota kwenye chungu, utitiri na mbawakawa wa msituni, anaihifadhi kwenye ngozi. Nyoka anaitengeneza mwenyewe, ndiyo maana mfano wako wa boksi haukai, kaka Mpwani.

Na sumu ya yule terribilis imekutwa pia kwenye manyoya na ngozi ya ndege fulani wa Papua New Guinea, pitohui. Ilitangazwa kisayansi 1992. Chura na ndege, bahari nzima katikati yao, wote kwa njia ya tumbo.

#5 Sisimizi_Mweusi
Sawa mwalimu, nimepokea. Lakini sasa: kama ni chakula, mbona vyura wetu wa bondeni wanakula chungu kila siku na hawana sumu hiyo? Na huyo mwenye nayo, mbona haimuui yeye?

#6 Mutua_wa_Kitui
Nani kasema wetu hawana? Huku kwetu mvua ya kwanza ikinyesha anatokea mmoja mweusi, mistari miwili myekundu mgongoni, ngozi kama mpira. Harukiruki, anatembea tu. Jina lake la kitaalamu ni Phrynomantis bifasciatus. Nikiwa mdogo niliweka mmoja kwenye mkebe na vyura wengine watatu. Asubuhi watatu wamekufa, yeye mzima. Mikono yangu iliwasha siku nzima, mama akanisugua kwa majivu. Huyo simshiki tena.

#7 Bi_Mkungu
Ahsante Mutua. Kwa Sisimizi: kula chungu hakutoshi, lazima mwili wa chura uwe na njia ya kuisafirisha sumu kutoka tumboni mpaka kwenye ngozi. Wengi wanaiyeyusha na kuitoa nje. Kwa nini haimuui mwenyewe, hapo bado wanavutana. Wapo wanaosema milango midogo kwenye neva zake imebadilika umbo, sumu inabisha haifunguliwi. Wengine wanasema ndani yake kuna protini inayoinyonya sumu kama sponji kabla haijafika kwenye neva. Mimi nilikuwa wa kundi la kwanza, sasa naegemea la sponji.

#8 Mama_Drosofila
Nimechelewa uzi huu jamani. Mpwani, aliyekuambia nzi kwanza anakupenda. Niko Toronto, nimewafuga tinctorius, auratus na hao leucomelas wako. Watu wengi ninaowajua walioanza vibaya walinunua chura Jumamosi, Jumatatu wakaanza kutafuta chakula.

Chura huyu hali kitu kilichokufa na hali kitu kikubwa. Anataka kidudu kinachotembea, kidogo, kila siku au kila siku mbili. Kwa hiyo una mifugo miwili: vyura, na vile vinzi vya ndizi. Ukikosa nzi wiki moja kwa chura mdogo umeshaingia matatizoni.

Nzi wanauzwa wale wasioruka. Wapo wadogo, melanogaster, na wakubwa kidogo, hydei. Chukua wote wawili. Mimi naponda ndizi mbivu moja, nachanganya na unga wa viazi ule wa kupika haraka mpaka iwe kama uji mzito, tone la siki kuzuia ukungu, hamira punje chache juu. Naweka chini ya kikombe kirefu, juu yake karatasi ya kuchujia kahawa iliyokunjwakunjwa ili wapate pa kupanda, nzi kama 50, kitambaa mdomoni, mpira wa kubania. Melanogaster baada ya wiki mbili hivi kikombe kinachemka nzi. Hydei wanachukua karibu wiki tatu au nne. Anza kikombe kipya kila wiki, hata kama cha zamani bado kinatoa. Kikipita mwezi mmoja kitupe, maana utitiri unaingia.

Utitiri ndio adui. Weka vikombe juu ya karatasi iliyokaushwa baada ya kupuliziwa dawa ya utitiri, au visimamishe kwenye sahani ya maji yenye sabuni.

Kulisha ni hivi: nagonga kikombe mezani nzi washuke chini, nafungua haraka, namwaga kiasi kwenye kikombe kingine chenye ncha ya kijiko ya unga wa kalsiamu na vitamini. Nakizungusha polepole. Wanatoka weupe kama watoto waliomwagikiwa ngano, wanatembea wakijipangusa macho. Hapo unawamwaga mbele ya chura upesi, wakikaa dakika kumi unga wote umedondoka.

#9 Mpwani_Bremen
Dada Mama_Drosofila, nimekopi yote nimebandika ukutani. Mke wangu kauliza hao nzi watakaa chumba gani.

#10 Mama_Drosofila
Mwambie wifi jikoni hawaendi. Kabati lolote lenye nyuzi 22 mpaka 25 linatosha.

#11 Babu_wa_Minnesota
Na tanki nalo lianze sasa. Chini kabisa weka vidonge vya udongo wa kuchomwa, sentimita tano, maji yajichuje huko. Juu yake wavu, kisha udongo. Sisi wengi tunatumia mchanganyiko uliotoka Bustani ya Mimea ya Atlanta: gome la okidi, mkaa, nyuzi za kangaga, mboji, kuvumwani. Makumbi ya nazi peke yake yanashika maji mno, baada ya mwaka yanakuwa tope. Halafu majani makavu tele, na mimea: bromelia ndiyo ndugu wa nanasi, na ile ya kutambaa ya dirishani.

Mwagia wale wadudu weupe wadogo mno, kolembola. Wanakula ukungu, na vyura wadogo wanawala wao. Acha tanki wiki sita bila chura. Wiki ya pili kipande cha mti ulichoweka ndani kitaota ukungu mweupe kama pamba, usishtuke wala usiupanguse, kolembola watausafisha.

Joto mchana 23 mpaka 26. Likikaa juu ya 29 unawapika. Unyevunyevu asilimia 80 hivi, lakini hewa izunguke.

#12 Bi_Mkungu
Majani makavu mnatumia ya nini?

#13 Babu_wa_Minnesota
Magnolia na mwaloni. Na yale makubwa mnayoyafagia ninyi Pwani kila asubuhi, ya mkungu. Huku yanauzwa kwa pakiti, kumi kumi.

#14 Bi_Mkungu
Haki ya Mungu! Hapa shuleni tuna mikungu mitatu.

#15 Fundi_Muscat
Wandugu, nisome na mimi nisaidiwe. Nipo Muscat. Nilinunua tinctorius wanne, wa miezi minane, wamezaliwa tankini kwa mfugaji. Tanki zuri, mimea mizuri, kiyoyozi saa 24. Ndani ya wiki sita wamekufa watatu. Wa kwanza alikonda, akawa anajificha chini ya jani, miguu ya nyuma inatetemeka. Baada ya siku tisa wa pili, halafu wa tatu. Wa nne mzima mpaka leo, mnene, anakula. Nimeumia sana na sijui nilikosea wapi. Sitaki kununua wengine mpaka nijue.

#16 Babu_wa_Minnesota
Pole sana ndugu yangu. Huyo mnene ni jike? Tinctorius majike hawapendani kabisa. Jike mmoja anawapanda wenzake mgongoni, anawakandamiza, anawafuata mpaka wanaacha kula. Huoni damu, unaona mmoja anakonda tu. Ndiyo maana namwambia Mpwani abaki na leucomelas, hao wanaweza kukaa kikundi. Tinctorius ni wawili, dume na jike, basi.

#17 Mama_Drosofila
Babu, mateso ya jike hayatetemeshi miguu. Kutetemeka ni kalsiamu. Fundi, ule unga ulifunguliwa lini? Ukishafunguliwa, miezi sita vitamini zimekwisha nguvu, na kwa joto la Muscat hata kabla.

#18 Fundi_Muscat
Jike, ndiyo. Lakini wa pili aliyekufa naye nadhani alikuwa dume, vidole vya mbele vilikuwa vipana. Unga ulikuwa mpya, umekaa kwenye friji. Ila wiki ya pili nilipokuwa safarini ndugu yangu alilisha, na hakumbuki kama alitia unga.

#19 Chura_Kiziwi
Maji je? Unatumia ya bomba? Acha kwenye ndoo usiku kucha klorini itoke.

#20 Babu_wa_Minnesota
Chura_Kiziwi, hiyo ni kwa klorini tupu. Miji mingine inatia kloramini, na hiyo haitoki kwa kulaza ndoo. Lazima ile dawa ya matone ya wafuga samaki, au maji yaliyochujwa kabisa.

#21 Fundi_Muscat
Natumia maji yaliyochujwa ya chupa. Mimea nilinunua kwenye bustani ya maua, nikaisuuza tu.

#22 Mama_Drosofila
Hapo ndipo. Bustani za maua wanapulizia dawa ya wadudu, na bromelia inashika maji ya dawa katikati ya majani yake, pale pale chura anapokaa. Mimea mipya mimi naitenga wiki nne, nazimwaga zile bakuli zake kila siku.

#23 Babu_wa_Minnesota
Basi mbona jike hakufa? Kala nzi wale wale, kakaa bromelia zile zile.

#24 Mama_Drosofila
Kwa sababu ni mkubwa, mwili unahimili. Mbona wewe jike lako mnene linaeleza kila kitu?

#25 Sisimizi_Mweusi
Hapa naona ndoa ya wafugaji inayumba. Fundi, kipimajoto umekibandika wapi?

#26 Fundi_Muscat
Chini, karibu na maji. Kinasoma 26.

#27 Sisimizi_Mweusi
Na juu karibu na taa?

#28 Fundi_Muscat
Sijawahi kupima juu. Leo nimepima baada ya kusoma swali lako: 30. Na nzi wangu wengine, wale wenye mbawa butu, wameanza kuruka, sikujua inahusiana.

#29 Bi_Mkungu
Inaweza kuhusiana. Ile aina ya mbawa butu ikikulia kwenye joto la 29 kwenda juu, mbawa zinarefuka. Lakini pia nzi wa kawaida wa jikoni akiingia kwenye kikombe akapandana nao, watoto wanaruka hata kwenye baridi. Kuna ndizi jikoni?

#30 Fundi_Muscat
Ndizi zipo kila siku mwalimu.

#31 Mhehe_Mlimani
Nilikuwa nasoma kimya. Hiyo orodha yenu, joto, dawa, maji, nimeishaisikia mahali. Sisi wa Iringa tuna chura wetu wa Kihansi, yule mdogo wa njano kwenye maporomoko. Bwawa la umeme likajengwa, maji yakakatwa, chura akaisha. Sasa yuko Marekani tu.

#32 Bi_Mkungu
Kaka Mhehe, umeiruka nusu ya habari. Aligunduliwa 1996. Mwaka 2000 maji mengi yalielekezwa kwenye mitambo, rasharasha ya maporomoko ikapungua sana, na mwaka huo huo vyura 499 wakachukuliwa kwenda kuzalishwa Marekani. Lakini kule bondeni kuliwekwa mabomba ya kunyunyizia, na vyura wakaongezeka tena. Wakaporomoka ghafla 2003. Wapo wanaosema ni ugonjwa wa ukungu wa ngozi, ule wa kitridi, maana ulikutwa kwenye waliokufa. Wapo wanaosema ni dawa za mashamba ya juu zilizoteremshwa na maji. Wapo wanaosema rasharasha ya bomba haikuwa ile waliyoizoea, ikawadhoofisha. Mwaka 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka porini. Waliokuwa bustani za wanyama za Bronx na Toledo, Marekani, ndio waliozaa wale waliorudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam 2010, na bondeni Kihansi 2012. Huyu hatagi mayai, anazaa vichura vilivyokamilika, vidogo kama punje ya choroko. Mimi nikisikia mtu anafuga chura ninamuuliza kwanza anatupa wapi maji machafu ya tanki.

#33 Chura_Kiziwi
Basi Fundi ni ukungu huo.

#34 Mhehe_Mlimani
Ahsante mwalimu, nilikuwa naijua juu juu tu. Chura_Kiziwi, sidhani. Ukungu ule unapenda ubaridi, kwenye 30 unadhoofika. Joto la Fundi lingewaua vyura na ukungu wao pamoja.

#35 Babu_wa_Minnesota
Hata hivyo apime. Kuna maabara zinapima kwa kufuta ngozi kwa pamba tu. Na wageni wote wakae peke yao kwenye boksi lenye karatasi nyevu, siku 30 angalau, kinyesi kipimwe minyoo. Maji ya tanki yasimwagwe mtaroni bila kuuliwa vijidudu.

#36 Dogo_Tabata
Wakuu mimi niko Dar, naweza kuagiza hawa? Hali ya hewa inafaa kuliko hata huko Bremen.

#37 Mhehe_Mlimani
Dogo, wamo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu 1987. Unahitaji kibali cha nchi wanakotoka na vibali vya huku. Na mmoja akitoroka na ukungu wake akafika kwenye mabonde yetu, hakuna wa kumrudisha. Nakuomba kabisa usiagize. Toka usiku wa mvua na tochi kwenye matete, utaona vyura wa matete wa rangi zote. Watazame uwaache pale pale.

#38 Babu_wa_Minnesota
Naunga mkono. Na Mpwani, huko Ulaya nako omba karatasi ya asili ya chura, kazaliwa wapi, kwa nani. Asiye na karatasi mwache kwa mwenyewe.

#39 Mpwani_Bremen
Wakuu narudi na mrejesho, wiki ya saba. Ukungu mweupe ulikuja, ukaondoka wenyewe kama Babu alivyosema. Kolembola wamejaa, ukimwaga maji wanaelea kama vumbi. Vikombe vya nzi nipo kizazi cha tatu, viwili niliviua kwa kutia siki nyingi. Mtoto ndiye anayegonga kikombe mezani. Kipimajoto nimeweka viwili, chini na juu. Chura bado sijaleta.

Jumamosi nilikwenda kwa mfugaji hapa kuwaona. Dume la leucomelas liliimba, sauti kama ndege aliye mbali, inapanda kidogo inakaa pale pale. Halafu nikaona kitu: kila chura akimkaribia nzi, kidole kirefu cha mguu wa nyuma kinagonga chini haraka haraka, tk tk tk, mwili umetulia. Ni ugonjwa?

#40 Mama_Drosofila
Ni mzima huyo, hongera kwa kumwona. Ni hamu ya kula tu. Wangu wakisikia kifuniko kinafunguliwa wanaanza.

#41 Bi_Mkungu
Nimesoma wanaosema ule mtetemo unamshtua mdudu asogee, kwa sababu chura haoni kilichotulia.

#42 Babu_wa_Minnesota
Mwalimu, wangu wanagonga hata mbele ya nzi anayekimbia, na wakigonga kwenye kioo hawapati zaidi. Naona ni hamu.

#43 Fundi_Muscat
Subirini. Jike langu naye anafanya hivyo, leo nimemwangalia kwa makini. Nilipoandika kule juu kwamba miguu inatetemeka, sasa sina hakika.

#44 Mama_Drosofila
Fundi, yule wa kwanza ilikuwa kidole kimoja, au mguu mzima? Na ilikuwa wakati wa kula?

#45 Fundi_Muscat
Sikumbuki dada. Ilikuwa usiku, nilimulika kwa tochi ya simu, na alikuwa chini ya jani.